Amri ya Kulala

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo hata mtoto wa miaka minne anajua kuwa si jambo moja. Kulala ni kuuweka mwili chini. Kulala pia ni kuchukuliwa na usingizi. La kwanza unaweza kulitenda sasa hivi ukiambiwa, hata kama hutaki. La pili hulitendi, linakutokea. Ndiyo maana tunapolizungumzia kwa uangalifu tunamweka mtu pembeni na kuufanya usingizi wenyewe kuwa mtendaji: usingizi umemchukua, usingizi umenipitia, usingizi umegoma kuja. Hata tukisema "sikupata usingizi" tunaongea kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta bidhaa haipo. Alikwenda. Kosa si lake.

Lakini kila siku, ikifika saa sita na nusu mchana, katika vituo vya kulelea watoto, neno hilo hutolewa kama amri. "Haya, laleni!" Watoto thelathini wanajinyoosha kwenye mikeka. Wengi wao amri inawakuta usingizi ukiwa tayari mlangoni, kwa hiyo wanaonekana wametii. Wawili watatu wanabaki macho, nao mbele ya mlezi wanaonekana wakaidi. Ninaandika juu ya hao wawili watatu, na juu ya swali ambalo huonekana dogo mpaka ulisikie likiulizwa Geita: unaweza kumdai mtu kitu ambacho hawezi kukitoa kwa kutaka kwake?

Wanafalsafa wana kanuni ya zamani kwamba wajibu huishia pale uwezo unapoishia. Jina linalotajwa nayo zaidi ni la Kant, Mjerumani wa karne ya 18, ingawa mzee yeyote wa baraza la kata angeifikia bila kumsoma. Humtozi faini mtu kwa sababu mvua haikunyesha shambani kwake. Kwa watu wazima kanuni hii haina ubishi. Kwa watoto tunaisahau, nadhani kwa sababu mtoto mwenye uwezo mdogo na mtoto mkaidi, ukiwatazama ukiwa umesimama juu yao na mwiko mkononi, wanafanana sana.

Tuanze na mwili. Kadiri mtu anavyokaa macho, haja ya usingizi inajikusanya ndani yake kama maji kwenye ndoo iliyo chini ya bomba linalovuja. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndoo inajaa kabla ya mchana kwisha, kwa hiyo analala hata mgongoni mwa dada yake, ndani ya mbeleko, kichwa kikining'inia. Anavyokua, ndoo inapanuka. Siku moja inaweza kubeba mchana mzima, na usingizi wa mchana unamwacha kama meno ya utotoni yanavyomwacha, bila kumuuliza mlezi. Mwaka 2020 watafiti waliochambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizokwishafanyika walionyesha kwamba chini ya asilimia 2.5 ya watoto huacha kulala mchana kabla ya kutimiza miaka 2, na kwamba wakifikisha miaka 5 asilimia 94 wameshaacha. Kati ya namba hizo mbili ndipo alipo karibu kila mtoto wa chekechea. Katika chumba chenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kuwa macho saa saba mchana si tabia mbaya. Ni umri.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika saa 24, usingizi wa mchana ukiwemo. Zingatia hesabu yenyewe. Ni ya siku nzima. Haimtaji mlezi, haitaji saa sita na nusu. Anachokichukua mtoto mchana mara nyingi kinapungua kwenye fungu la usiku. Hili nitalirudia, kwa sababu kuna mtu mwingine anayelihesabu kwa uchungu, naye si mtoto wala mlezi.

Nilikuwa fildi ya wiki nane Katoro, mji wa biashara katika Wilaya ya Geita ambao asiyeufahamu hudhani ni kituo cha mabasi tu, mpaka ashuke. Mimi mwenyewe ni wa Shinyanga mjini, sikuwa mgeni wa vumbi wala wa Kisukuma, lakini sikuwa nimewahi kukaa sehemu ambayo saa zake zinapangwa na dhahabu kiasi kile. Watu wa nje wakisikia Geita hufikiria mgodi mkubwa, ule uliofunguliwa mwaka 2000, wenye uzio, sare na zamu zinazoeleweka. Akina mama walioleta watoto kwenye kituo nilichopangiwa hawakuwa wa uzio. Walikuwa wa mialoni, huko Rwamgasa na Nyarugusu na kwingineko, wanaoponda mawe, wanaoosha mchanga, wanaorudia kuosha marudio ambayo wengine wameshayachoka. Wapo waliouza chakula kwenye maduara. Walifika saa kumi na mbili alfajiri wakiwa na mtoto mgongoni na beseni kichwani, wakalipa hela ya siku hiyo, wakapanda bodaboda watatu watatu.

Mwaloni si mahali pa mtoto. Mchanga uliosagwa na karasha unachanganywa na zebaki ili zebaki ishike dhahabu, kisha donge linachomwa, zebaki inaondoka kama moshi na dhahabu inabaki. Moshi huo hauonekani vizuri na hauna harufu ya kumtisha mtu, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumizwa nao zaidi. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita ikiwemo, wakaeleza habari za watoto wenye umri wa kuanzia miaka minane waliofanya kazi humo. Ripoti ilihusu zaidi watoto wanaofanya kazi. Mtoto wa miaka mitatu hafanyi kazi yoyote mwaloni. Anakaa tu kando ya beseni la mama yake, anachezea tope, anapeleka mkono mdomoni.

Kwa hiyo kituo cha kulelea watoto, hata kiwe chumba kimoja chenye bati la moto na mikeka sita, ni ukuta kati ya mtoto na beseni lile. Sasa weka hapo sentensi niliyoisikia kwenye kituo kingine cha mji huohuo, mlezi akimwambia mama aliyekuja kumchukua mwanawe jioni: "Huyu wako halali, anawaamsha wenzake. Kesho mtafutie pengine." Ilisemwa bila ukali, hata kwa huruma kidogo. Lakini sote watatu tulijua pengine ni wapi.

Hapo ndipo swali la usingizi wa mchana linapoacha kuwa la wazazi wenye nafasi ya kusoma vitabu vya malezi. Mtoto anaweza kupelekwa kwenye zebaki kwa sababu ndoo yake ya usingizi haijajaa saa sita na nusu.

Ziko njia nyingine za kumfanya asifukuzwe, na mbili kati ya hizo ni mbaya kuliko kufukuzwa, au karibu sawa. Ya kwanza ni dawa. Dawa za maji za mafua na za aleji, zile za zamani, zinalewesha usingizi, na kila mama anajua. Sikuona ikitolewa pale nilipokuwa. Nilichosikia ni akina mama wakiulizana kwa utani ambao haukuwa utani wote: kijiko kimoja, nusu kijiko? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha mwaka 2008 kwamba dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari wasipewe watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu ya madhara makubwa yanayoweza kutokea. Tuseme basi kwamba hatari ya kiafya haipo, kwamba kipo kijiko salama kabisa. Bado kuna kitu hakikai sawa, na nimekitafuta muda mrefu. Naona ni hiki: dawa haimfanyi mtoto atii. Inamwondoa yule ambaye angetii au angekataa. Mlezi anapata utulivu, ila hakuna mtu aliyempa.

Njia ya pili ni woga. Fimbo si lazima ipige, inatosha isimame kwenye kona. Matokeo yake niliyaona siku ya pili tu, tena bila fimbo, kwa sababu watoto huja na woga wao kutoka kwingine. Msichana mmoja wa kama miaka minne na nusu alifumba macho kwa nguvu mpaka paji la uso likakunjamana, kope zikitetemeka, mikono imebana mwilini kama askari wa gwaride. Alikaa hivyo zaidi ya nusu saa. Mtu akipita alipunguza pumzi. Alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile, na kazi yenyewe ilikuwa kuonekana hafanyi kitu.

Ndicho inachofundisha amri isiyoweza kutimizwa. Mtoto hajifunzi kulala. Anajifunza kwamba wakubwa hawataki kitu chenyewe, wanataka sura yake, na kwamba sura inatengenezeka. Baadaye tutamkuta ofisini akihudhuria kikao. Watafiti wa Queensland, Australia, waliokaa kwenye vyumba vya aina hii wakiangalia, waliona kwamba pale watoto wote wanapolazimishwa kujilaza bila kupewa kitu kingine cha kufanya, hali ya chumba huharibika, na walezi walewale waliokuwa wapole asubuhi huwa wakali. Na watoto waliolazimishwa zaidi ya saa nzima walilala muda mfupi zaidi usiku. Naamini sehemu ya kwanza bila hata kuhitaji utafiti. Mtu akitoa amri ambayo haiwezi kutiiwa, kitu pekee kinachobaki mkononi mwake ni kuirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa upande wa mlezi, maana ni rahisi kuandika insha ya haki za mtoto ukiwa umekaa.

Mlezi mkuu wa kituo kile alikuwa mwanamke wa makamo, watoto walimwita Bibi, na sisi wengine tulimwita mama. Alikuwa na msaidizi siku tatu za wiki, siku zilizobaki alikuwa peke yake. Watoto nilihesabu 34 siku ya kawaida. Alipokea wa kwanza kukiwa bado giza na kumkabidhi wa mwisho kukiwa giza tena. Kati ya hapo kulikuwa na uji, pua, choo, ugomvi, michembe na maharage ya mchana, sahani 34. Saa ya watoto kulala ndiyo saa pekee aliyokaa chini. Alikula wakati huo. Aliandika daftari la mahudhurio wakati huo. Miguu yake ilivimba, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki hiyohiyo, na ibara yake ya 31 inaweka mapumziko na michezo katika sentensi moja, kana kwamba walioiandika walijua mtoto hupumzika kwa namna zote mbili. Kwa hiyo chumbani mle kuna watu 35 wenye haki ya kupumzika. Tatizo ni kwamba saa sita na nusu haki ya mtoto inageuzwa kuwa wajibu, ili haki ya mlezi ipate nafasi. Anayelipia mapumziko ya mtu mzima ni mtoto, kwa fedha ambayo wakati mwingine hana.

Serikali ilizindua mwaka 2021 programu jumuishi ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, na moja ya nguzo zake tano ni malezi yenye mwitikio: mlezi asome ishara za mtoto na kuziitikia. Ni maneno mazuri, nayaunga mkono. Ila kuitikia ishara za watoto 34 kwa macho mawili ni hesabu tu, na haihitaji semina. Lawama ikitafutwa, isianzie kwa mwanamke mwenye miguu juu ya ndoo.

Na bado. Kwamba mlezi amezidiwa hakumfanyi mtoto awe na deni. Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili tatu, mpaka nilipogundua kwamba kinachonisumbua si saa ya utulivu yenyewe. Ni maneno yanayoifungua. Tunawaambia watoto walale "ili wakue", "ili wasiumwe kichwa", "kwa faida yao". Kwa wa miaka miwili ni kweli. Kwa wa miaka mitano ni uongo, naye ana ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Ukweli ni kwamba mtu mzima amechoka, na ukweli huo hauna aibu. "Nimechoka, naombeni kimya" ni ombi ambalo mtoto wa miaka mitano analielewa. Ameshamwona mama yake akirudi kutoka mwaloni. Tena ni ombi analoweza kulitimiza. Kimya kiko ndani ya uwezo wake, si kizuri sana, si cha muda mrefu, lakini kiko. Usingizi hauko.

Mama yule alikuwa na utaratibu wake, ambao sidhani aliusoma mahali. Wote walijilaza. Hilo halikuwa na mjadala, na naona alikuwa sahihi, kwa sababu mtoto aliyechoka mara nyingi hajui kwamba amechoka, na usingizi kama mgeni yeyote lazima umfungulie mlango uone kama anaingia. Aliwaacha hivyo mpaka amalize kula. Kisha alitembea kati ya mikeka akigusa mabega ya waliokuwa macho, nao walinyanyuka bila neno na kutoka kwenda barazani. Huko kulikuwa na udongo wa kichuguu uliolowekwa, vizibo vya soda, na vijiti. Masharti yalikuwa mawili: mdomo ufungwe, na usivuke mstari wa baraza.

Walifinyanga ng'ombe, kama watoto wa Kisukuma walivyofinyanga tangu zamani. Lakini walifinyanga pia karasha. Siku moja wavulana wawili walikuwa na mwalo mzima pale, beseni la kizibo, maji ya kopo, mmoja akizungusha mkono kama injini huku mdomo ukitamka mngurumo wote bila sauti. Mashavu tu yakicheza.

Kulikuwa na siku aliwapa maharage wachague. Tulibishana juu ya hilo, kwa heshima, mimi nikiwa mwanafunzi. Nilimwambia kwamba katika ukanda ambao mtoto wa miaka minane anaweza kukutwa ndani ya duara, kumpa wa miaka minne kazi kwa sababu tu yuko macho kunaanza kufanana na kitu. Akacheka. "Mtoto anayechagua maharage kwao hatumikishwi, mwanangu. Anajifunza." Sikubaliani naye mpaka leo, ingawa siwezi kusema mstari uko wapi hasa. Labda uko hapa: udongo mtoto anaweza kuuacha katikati na hakuna anayepata hasara.

Swali jingine ni wivu. Wengine hawataki nao kubaki macho wafinyange? Walitaka. Wiki ya kwanza, akaniambia, kila mtu alikuwa macho. Wiki ya pili ndoo zilijaa zenyewe, maana huwezi kujifanya huna usingizi kwa muda mrefu kama unavyoweza kujifanya unao.

Niliporudi chuo nilisoma juu ya Wahadzabe, jirani zetu wa Ziwa Eyasi. Meatu, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla Simiyu haijaundwa mwaka 2012, inapakana na bonde lao. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho. Watafiti wanadhani tofauti hizo za usingizi ziliwasaidia wanadamu kulindana usiku. Habari hizo ni za watu wazima na za usiku, hazithibitishi lolote juu ya mtoto wa Katoro saa saba mchana. Zinanikumbusha tu kwamba chumba ambacho watu wote wamelala kwa wakati mmoja ndicho kitu cha ajabu, na kwamba sisi tumekifanya kuwa kipimo cha nidhamu.

Nimesema kuna mtu mwingine anayehesabu. Ni mama. Amepanga chumba kimoja, kitanda kimoja, na kesho anaamka saa kumi usiku. Mtoto aliyelala saa mbili mchana atakuwa macho mpaka saa tano za usiku, akiruka juu ya kitanda hichohicho. Kwa hiyo akifika kituoni jioni, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza huwa, "Amelala leo?" Nilichelewa kuelewa kwamba jibu analoliombea ni hapana. Walezi wengi hujibu ndiyo hata kama si kweli, wakidhani mtoto aliyelala ni ushahidi wa kazi nzuri.

Mama yule alimjibu mmoja wao, nikiwa nimesimama hapo nikikunja mikeka: "Hajalala, mayu. Ametengeneza karasha." Yule mama kijana akashusha pumzi, akaweka beseni chini, akamwinua mtoto mgongoni. Kabla hawajafika barabarani kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaanguka upande.